Bi. Kavindu Mulinge: Kizuizi Kimoja kwa Mto Mmoja

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Ruth Kavindu Mulinge atazima kompyuta yake katika ofisi yetu ya Kitui, na safari hii hataiwasha tena Jumatatu. Ametumikia Shirika la Mchanga na Maji kwa miaka thelathini na mmoja. Ndiye mkuu wa kitengo cha programu, na kwa wengi wetu ndiye kitengo chenyewe. Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu wake, wote walinielekezea kidole mimi, Abdulmalik, msimamizi wa vifaa vya mtoni. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu anayegombana na mwenzake kila siku ndiye anayemjua vizuri. Nimeifurahia kazi hii kupita kiasi, kwa sababu ni mara ya kwanza nitaongea juu yake mfululizo bila yeye kunikatiza.

Alizaliwa Kikima, kwenye baridi ya milima ya Mbooni, na kabla ya kuja kwetu alifundisha hisabati katika shule ya upili. Mpaka leo bado ni mwalimu. Ukimpelekea jibu, atakuuliza umelipataje. Ukimpelekea jibu sahihi lisilo na hatua, atakurudisha ukazilete hatua. Mwaka wa 1994, shirika likiwa linajenga mabwawa ya mchanga tu, alikuja kuingiza takwimu za mvua kwenye kompyuta pekee tuliyokuwa nayo. Kompyuta ile ilikuwa kaidi, na wakati wengine waliipiga kofi ubavuni, yeye alitaka kujua kwa nini imekataa. Akaenda Nairobi kusoma, akarudi na shahada, na tangu hapo hakuna programu katika ofisi hii ambayo haijapita mikononi mwake.

Vijana wa ofisi humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mimi ninayemkaribia kwa umri humwita Madam, hasa nikiwa nimekasirika. Si mtu wa kunyamaza, na hajawahi kujifanya mnyenyekevu. Akicheka chumbani mwake, walio kwenye lango wanajua. Programu ikisimama pale alipotaka isimame, hupiga makofi kwa nguvu mpaka wageni wa mapokezi huuliza kama kuna harusi. Kila mwezi wa Ramadhani huificha chupa yake ya chai kwa heshima yangu, kisha huenda kuinywa chumba cha pili, ambako mimi humsikia akiipuliza. Namshukuru kwa nia.

Kwa wageni watakaosoma wasifu huu siku ya sherehe, nieleze kidogo tunachofanya. Mito yetu ya Ukambani huwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka, na watu huchimba mchangani kupata maji ya kunywa. Hatari ni kwamba mvua inaweza kunyesha milimani huku chini kukiwa na jua kali. Uko mtoni unachota, mbingu ni safi, na mto unakuja. Ndiyo maana tukaweka vihisi kwenye sehemu za juu za mito. Kila kihisi hupima kimo cha maji na kutuma habari Kitui kila baada ya dakika chache, programu ya Madam inaamua kama kuna hatari, na simu za watu wa chini zinalia. Kihisi ni changu na uamuzi ni wake, kwa hiyo chochote kikiharibika tuna mahali pazuri pa kuanzia ugomvi.

Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo kompyuta huyafuata kwa kasi isiyoonekana. Ukitaka kujua inapokosea, lazima uisimamishe katikati ya kazi, uchungulie imebeba nini. Watu wa kompyuta wana chombo cha kufanya hivyo: unaweka alama kwenye mstari mmoja, na programu ikifika hapo inasimama na kukungoja. Madam huiita alama hiyo kizuizi. Shida ni kwamba mstari huo mmoja hupitiwa na habari za mito yote, kutwa kucha. Ukiweka kizuizi cha kawaida, kitasimamisha kila mto unaopita, na utabonyeza kitufe cha kuendelea mpaka kidole kiote sugu. Kizuizi cha kufaa ni chenye sharti, kile kinachosimamisha unachokitafuta tu na kuacha vingine vipite.

Somo hili Madam huwapa wafanyakazi wapya wote, na siku alipolitoa vizuri zaidi ilikuwa Mtito Andei, tukielekea Mombasa kwa semina. Tulikuwa tumekaa nje ya hoteli moja tunakula, malori yakipita kwa wingi. Akasimama na chapati mkononi, akawaonyesha vijana barabara. “Malori yote haya, na wewe unatafuta moja tu ya buluu imebeba vitunguu,” akasema. “Utasimamisha yote mpaka Mombasa? Mwambie askari wako, kama ni ya buluu na imebeba vitunguu, simamisha. Zingine ziende.” Vijana wakaelewa papo hapo. Dereva aliyekuwa meza ya pili naye akaweka kijiko chini, akaja taratibu kuuliza lori lake la buluu lina makosa gani. Ilibidi tumnunulie soda ndipo akaamini kwamba sisi si polisi.

Muindi alikuwa mmoja wa vijana hao. Leo ndiye anayerithi kiti cha Madam, kwa hiyo ni haki nimtaje. Wiki yake ya kwanza alipewa kazi ya kukamata habari za mto mmoja, Kyengoni, kwa kizuizi chenye sharti. Sharti huandikwa kwa alama za hisabati. Katika lugha ya programu yetu, alama mbili za sawasawa ni swali: je, huu ni Kyengoni? Alama moja ni amri: huu na uwe Kyengoni. Muindi aliweka moja. Programu ikasimama, akashangilia. Ikasimama tena, na tena, na kila ilichokamata kiliitwa Kyengoni, hadi mito ya Tiva na Athi. Alimwita Mwaitu aje aone jinsi Kyengoni ulivyo na kazi nyingi. Madam alitazama skrini, akashika meza kwa kucheka. “Muindi,” akasema alipopata pumzi, “wewe hukuuliza lori ni ya rangi gani. Umeipaka rangi.” Kwa bahati alikuwa akifanyia kazi nakala, si mfumo wenyewe.

Kuhusu jambo hilo la nakala, Madam hana mzaha hata kidogo. Hakuna mtu katika ofisi hii aliyewahi kuruhusiwa kuweka kizuizi kwenye mfumo unaofanya kazi, kwa sababu programu ikisimama ili wewe uchungulie, tahadhari nazo zimesimama, na mto haungoji umalize kuchungulia. Ukitaka kutafuta kosa, unachukua nakala ya programu na habari zilizokwisha kupokelewa, unazipitisha upya pembeni. Huchukua muda mrefu zaidi. Nimemwona akikataa kuvunja sheria hii siku ambayo mkurugenzi mwenyewe alimsihi aivunje, na hiyo ndiyo siku ninayotaka kuisimulia.

Ilikuwa Novemba ya 2023, mwaka ambao mvua za vuli zilikuja kwa hasira. Jumanne moja alasiri, chini ya soko la Mbumbuni, akina mama wa kikundi cha maji walikuwa ndani ya mto Kyengoni wakichota. Mwenyekiti wao, Mutanu, alikuwa amevaa simu shingoni kwa kamba, kama tulivyomfundisha. Jua lilikuwa linawaka. Simu haikulia. Walichosikia ni mngurumo, wakakimbia. Mkaza mwana wa Mutanu, Kavata, alikuwa mjamzito wa miezi ya mwisho, na maji yalikuwa yamemfika kiunoni wenzake walipomvuta kwa leso hadi ukingoni. Punda aliyebeba mitungi alichukuliwa. Watu wote walipona, lakini ilikuwa kidogo tu.

Asubuhi yake mimi na Madam tulienda kumwona. Mutanu hakutupigia kelele, na afadhali angepiga. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema kwa sauti ya kawaida: “Mliniambia niangalie simu, niwache kuangalia mawingu. Nikaangalia simu.” Kisha Mutanu akauliza swali moja, na ndilo lililotuchoma. Kisima kingine kilikuwa mbali mno kwa miguu, punda hayupo, na watabiri walikuwa wameshasema mvua kubwa itashuka Mbooni mwisho wa wiki. Alitaka tumwambie kama wateremke mtoni au wasiteremke. Madam akamwahidi jibu, naye hakuwa nalo.

Ofisini tulikuta vita. Mchoro wa Kyengoni kwenye skrini ulikuwa mstari mmoja tulivu: mto mkavu Jumatatu, mkavu Jumanne, mkavu hata saa ile punda alipokuwa anapelekwa. Muindi alishuku mtandao wa simu. Madam alishuku kihisi changu, nami nilimwonyesha kwamba betri imejaa na habari zinafika bila kukosa hata moja. Mkurugenzi alitaka aidha kituo cha Kyengoni kizimwe kabisa, au Madam aweke kizuizi kwenye mfumo wenyewe, wakati huo huo, tuone kinachotokea. Madam alikataa yote mawili. Alisema kuzima ni kumwambia Mutanu arudi kwenye mawingu, na kusimamisha mfumo ni kuwanyima watu wa mito mingine yote tahadhari yao. Akachukua nakala na habari za mito yote, akafunga mlango, kisha akaufungua tena kwa sababu sote tulikuwa tumekwisha ingia ndani.

Tulimwambia aanzie Jumanne alasiri, saa ya mafuriko yenyewe. Hakukubali. Alitaka kuanzia wiki iliyotangulia, wakati kila kitu kilikuwa shwari. “Nataka kuiona ikiwa nzima kwanza,” akasema. Akaandika sharti la kwanza: simama kama mto ni Kyengoni. Programu ikasimama mara nyingi mno, kwa kuwa Kyengoni hutuma habari siku nzima, na zote zilionekana nzuri. Akafuta, akafikiri, akaongeza kipengele kimoja kwenye lile sharti. Sasa lilisema hivi: simama kama mto ni Kyengoni, na kama kimo kilichopokelewa si sawa na kimo kilichohifadhiwa. Sisi wengine wote tulikuwa tunatazama mchoro, na mchoro huonyesha kilichohifadhiwa tu. Hakuna aliyekuwa amewaza kuuliza kama ndicho kilichopokelewa.

Kizuizi cha namna hii huifanya programu itambae, kwa sababu inaulizwa swali kila inapopita. Tulingoja. Chai ililetwa ikapoa. Muindi alikuwa anatafuna kucha, mimi nilikuwa nahesabu maneno nitakayosema Jumanne ikifika skrinini na kihisi changu kisafishwe jina. Kisha skrini ikaganda, mstari mmoja ukawaka rangi ya manjano, na Madam akapiga kofi. Kofi la pili halikufika. Mikono yake ilibaki hewani, akainama karibu na skrini. Tulitazama tarehe na sisi. Haikuwa Jumanne. Ilikuwa Jumapili, mchana mkavu, siku mbili kabla ya mafuriko.

Kihisi kilikuwa kimetuma habari kwamba mto umejaa hadi pomoni. Programu ilikuwa imehifadhi kwamba mto ni mkavu. Akabonyeza kuendelea, ikasimama kwenye habari iliyofuata, yale yale. Akabonyeza tena, yale yale. Tangu Jumapili mchana kihisi kilikuwa kinasema mto umejaa, na programu ilikuwa haiamini hata mara moja. Maji yalipokuja kweli Jumanne, kihisi kilisema umejaa kama kilivyokuwa kimesema kwa siku mbili, na programu ikaandika mkavu kama ilivyokuwa imeandika kwa siku mbili. Muindi alikuwa amesimama juu ya kiti bila kujua alipandaje.

Kwa nini haikuamini, jibu lilikuwa hapo hapo kwenye mstari uliowaka. Miaka kadhaa nyuma kunguru alikuwa ametua juu ya kihisi cha Kyengoni siku ya soko, programu ikadhani ni maji, na soko lote la Mbumbuni likatimua mbio likiacha nyanya barabarani. Ili jambo hilo lisirudie, kukaongezwa agizo: maji yakiruka ghafla kuliko mto unavyoweza kupanda, usiamini, baki na kimo cha mwisho ulichokiamini. Aliyeandika agizo lile ni Madam mwenyewe. Alilisoma mara mbili, akasema, “Hii ni yangu.” Hakutafuta wa kugawana naye. Akachukua kibeti chake, akaniambia nilete gari, kwa sababu lilikuwa limebaki swali moja ambalo kompyuta haikuweza kulijibu, nalo ni kitu gani kilitokea mtoni Jumapili ile mchana.

Kwenye Kyengoni kihisi kinaning'inia juu ya bomba pana lililosimamishwa mchangani, mdomo wake wazi. Kinapeleka sauti ndani ya bomba na kusikiliza inaporudi, na kwa hiyo kinajua maji yako wapi. Mlinzi wake ni mzee Kilonzo, mkulima wa hapo jirani. Alitupokea kwa furaha, akatushika mkono, akatuongoza mtoni kama mtu anayekwenda kuonyesha ng'ombe wake mpya. Tukaona. Mdomo wa bomba ulikuwa umefunikwa kwa matawi ya miiba, yamepangwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya katani. Alieleza kwamba Jumapili alipotoka kanisani alikuta mbuzi wanazungukazunguka pale. “Sasa kisima utakiacha wazi hivyo?” akatuuliza. “Si mbuzi zitaangusha uchafu ndani.” Matawi ya kwanza yalikwenda na mafuriko. Jumatano maji yalipopungua, alikuwa ameamka mapema na kuweka mengine.

Yeyote aliyekulia huku anajua kwamba ukichimba shimo mchangani, ukimaliza kuchota unalifunika kwa miiba. Hakuna haja ya kufundishwa, na anayeliacha wazi husemwa. Tulipomkabidhi mzee Kilonzo kihisi, tulimweleza betri, tukamweleza paneli ya jua, tukamweleza hata namna ya kufukuza kunguru. Kati yetu wote hakuna aliyemwambia kwamba hiki ndicho kisima cha kuachwa wazi, maana ni nani angefikiria kusema neno kama hilo. Sauti ya kihisi iligonga miiba na kurudi upesi, nacho kikaripoti maji yamefika mdomoni. Na miiba mipya ilikuwa pale pale juu, ikingoja mvua ya mwisho wa wiki.

Madam alikaa chini mchangani akacheka. Alicheka mpaka mzee Kilonzo naye akaanza kucheka bila kujua kisa, kisha nikaona Madam anafuta machozi, na hayakuwa ya kicheko tena. Alimshukuru mzee kwa kukitunza kifaa kuliko tulivyokitunza sisi. Halafu akatembea hadi kwa Mutanu. Waliongea Kikamba, nami nakiandika alichosema kama nilivyokisikia: mto ulisema, programu yangu ndiyo iliyokataa kuamini, na kosa ni langu. Akamwomba wasiteremke mtoni mpaka yeye mwenyewe apige simu. Maji ya kunywa ya siku hizo tungewaletea kwa gari la ofisi. “Sawa,” Mutanu akasema. “Nitangoja wewe. Simu sitangoja.”

Mchana ule ule mimi na mzee Kilonzo tuliiondoa miiba juu ya bomba na kuijenga kama ua kulizunguka, mbali kidogo, ili mbuzi wakome na sauti ipite. Mafundo ni ya kwake. Yangu aliyafungua yote. Kitui, Madam alibadilisha lile agizo. Tangu siku hiyo habari isiyoaminika haitupwi kimyakimya. Inampigia mlinzi simu akaangalie kwa macho yake, inatupigia sisi pia, na ikizidi kujirudia bila mtu kujibu, watu wanatahadharishwa, hata kama ni kunguru. Alipitisha upya habari za wiki ile yote kwenye nakala, na simu ya majaribio ikalia Jumapili mchana, saa ile ile miiba ilipowekwa. Kofi la safari hii lilikamilika. Ijumaa alimpigia Mutanu, akamwambia wanaweza kuteremka tena.

Jumamosi mvua iliipiga Kikima, kule milimani, mpaka barabara ya sokoni ikawa haionekani. Chini kulikuwa na jua. Tulikuwa sote ofisini, hakuna aliyetaka kubaki nyumbani, na macho yetu yalikuwa kwenye mstari wa Kyengoni. Ulipanda. Programu ikaamini. Ujumbe ukatoka. Kisha kukawa na kungoja kubaya kuliko kule kwa kizuizi, maana huku hakuna kitufe cha kubonyeza. Simu ya Madam ilipolia aliiweka sauti ya juu, na sauti ya Mutanu ikajaza chumba: “Mwaitu, tumetoka wote. Hata Kavata. Mitungi ndio imeenda, na hiyo tutanunua ingine.” Madam alisema ni muvea, asante, akakata simu, akatoka nje. Tulimwacha alie kwa nafasi yake, na nyuma ya mlango na sisi hatukuwa na hali bora.

Ningeweza kuorodhesha mengine mengi aliyoyafanya. Programu anayotuachia inalinda mito ya Kitui na Makueni ambayo wakati anaanza kazi haikuwa na hata kijiti cha kupimia maji. Vijana aliowafundisha wameajiriwa hadi ng'ambo, na bado humpigia simu wakikwama, naye bado huwaambia walete hatua. Walinzi wote wa vihisi sasa wanaambiwa habari ya miiba kabla ya kuambiwa habari ya betri. Kavata alijifungua salama mtoto wa kike, na ukimuuliza Madam kuhusu tuzo alizopata kazini, atakuonyesha picha ya huyo mtoto kwenye simu yake na kusahau kukuonyesha vyeti. Mimi nitamkosa vibaya. Nimezoea kuingia ofisini nikiwa na jibu tayari la shtaka ambalo bado hajalitoa, na sijui hiyo asubuhi ya Jumatatu nitaingia nikiwa na nini.

Haendi mbali sana. Amenunua shamba chini ya Mbumbuni, jirani na Mutanu, na atapanda ndengu na kunde. Maji atachota pale pale wanapochota wenzake, kwenye mchanga wa Kyengoni. Wiki iliyopita alienda hadi kwenye meza ya Muindi na kumpa namba yake ya simu, akamwomba aiingize pamoja na za watu wa Kyengoni wanaopokea tahadhari. Muindi aliandika tarakimu mbili tatu za kwanza, akaacha, akaitazama skrini. Miaka yote hiyo ujumbe umetoka kwa Madam kwenda kwa watu. Sasa ni yeye Muindi atakayeutuma, na Madam ndiye atakuwa chini, mtoni, na debe mkononi. Alimaliza kuiandika polepole, akaihakiki mara tatu. Tangu siku hiyo hufika ofisini kabla yetu sote, na kila asubuhi huzipitisha habari za Kyengoni kwenye nakala akiwa ameweka masharti yake mwenyewe. Hatujamuuliza kwa nini.

Mwaitu, Madam, mwalimu wetu: asante kwa kazi, kwa kelele, na kwa kutukatalia pale tulipotaka njia fupi. Tunakutakia pumziko refu na afya, ndengu zinazokomaa, majirani wema, na mchanga wenye maji ya karibu. Na siku utakapokuwa umeinama mtoni kisha simu yetu ilie, tafadhali usianze kujiuliza kama programu imeamini kitu gani. Toka kwanza. Kosa letu utalitafuta ukiwa juu ya ukingo.